Nyuso Bila Sauti, Sauti Bila Nyuso: Usimulizi katika Filamu ya Apollo 11

Utangulizi

Filamu ya hali halisi imehesabiwa na wengi kuwa jirani ya historia kuliko kuwa jamaa ya fasihi. Msomaji wa riwaya hujua tangu ukurasa wa kwanza kwamba amekabidhiwa kwa msimulizi, na kwamba msimulizi huyo aweza kumficha jambo, kumharakisha, au hata kumpoteza njia. Mtazamaji wa filamu ya hali halisi, kinyume chake, huketi akiamini kwamba kilicho mbele yake ndicho kilichotukia. Imani hiyo huzidi kupata nguvu pale ambapo filamu yenyewe haina msimulizi anayesikika. Makala hii inanuia kuichunguza imani hiyo kwa kuihakiki Apollo 11, filamu iliyoongozwa na kuhaririwa na Todd Douglas Miller, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mnamo Januari 2019, mwaka wa hamsini tangu binadamu akanyage mwezi.

Filamu hii ya dakika 93 haina msimulizi wa kisasa, haina mahojiano, wala haina wazee wanaokumbuka ujana wao mbele ya kamera. Kila kinachoonekana, ukiondoa maandishi na michoro michache ya mistari inayoeleza njia ya chombo, ni picha za wakati ule. Na karibu kila neno linalosemwa lilisemwa wakati ule. Kutokana na sifa hiyo, imepokewa na wengi kama dirisha lililofunguliwa juu ya Julai 1969, na historia ikaachwa ijisemee yenyewe.

Hoja ya makala hii ni kwamba historia haijisemei. Kutokuwapo kwa msimulizi si kutokuwapo kwa usimulizi. Katika Apollo 11 mamlaka ya kusimulia hayakufutwa, bali yalisambazwa. Na yalisambazwa kwa namna ambayo, kwa sehemu kubwa ya filamu, wenye sauti hawana nyuso, na wenye nyuso hawana sauti. Mgawanyo huu ndio siri ya uzuri wa filamu hii, na ndio pia chanzo cha udhaifu wake.

Asili ya Picha

Fani ya filamu hii haiwezi kujadiliwa bila ya kueleza kwanza malighafi yake. Mnamo mwaka 1969, shirika la NASA lilikuwa na mpango wa kutengenezewa filamu kubwa ya sinema juu ya safari ya mwezini. Kwa ajili hiyo baadhi ya wapiga picha walitumia ukanda wenye upana wa milimita 65, ambao kwa kawaida hutolewa nakala za milimita 70 kwa ajili ya kumbi kubwa. Matunda ya mpango huo yalikuwa Moonwalk One, filamu iliyoongozwa na Theo Kamecke. Ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya sabini, umma ulikuwa umekwisha kuchoshwa na habari za mwezi, nayo haikupata watazamaji wengi. Kanda zilizobaki zikahifadhiwa.

Miaka karibu hamsini baadaye, Miller na wenzake walipokuwa wakitafuta picha katika Hazina ya Taifa ya Kumbukumbu nchini Marekani, walijulishwa kuwapo kwa kanda hizo pana, ambazo nyingi hazikuwa zimewahi kuonekana na umma. Fauka ya hayo, zilipatikana saa zaidi ya 11,000 za sauti zilizorekodiwa kutoka kwa wahandisi wa chumba cha uongozi cha Houston, kila mmoja akisema kwenye njia yake mwenyewe. Mtafiti Mwingereza Stephen Slater alifanya kazi ya kuoanisha sauti hizo na picha za milimita 16 za chumba hicho, ambazo zilipigwa bila sauti, hata midomo na maneno vikakutana tena.

Jambo hili lina uzito mkubwa kihakiki. Ikiwa picha zilichukuliwa bila sauti, na sauti zilirekodiwa bila picha, basi kila mahali ambapo mtazamaji huona na kusikia kwa pamoja, kuna mkono uliounganisha. Mtu anapogeuka kwenye kiti chake na sauti fulani ikasikika, si historia iliyovileta pamoja vitu hivyo viwili, ni mhariri. Huenda aliviunganisha kwa usahihi kabisa, na juhudi za Slater zinastahili sifa kwa uangalifu wake. Hata hivyo, usahihi ni sifa ya msimulizi mwaminifu, wala si ushahidi kwamba hakuna msimulizi.

Filamu Nne na Wasimulizi Wao

Uteuzi wa Miller utaeleweka vyema zaidi ukilinganishwa na kazi nyingine zilizoikabili maudhui hiyo hiyo. Moonwalk One ya Kamecke inaye msimulizi wa kawaida, sauti nzito ya mwanamume anayejua yote, na inaanzia kwenye mawe ya kale ya Stonehenge ili kuifungamanisha safari ya 1969 na matamanio ya binadamu wa kale. Msimulizi wake anafikiri kwa niaba ya mtazamaji.

Katika For All Mankind ya mwaka 1989, Al Reinert alichagua njia nyingine. Aliwaacha wanaanga wenyewe wasimulie kutokana na mahojiano aliyowafanyia, lakini akazichanganya safari mbalimbali za Apollo zikawa kama safari moja, na sauti za watu wengi zikawa kama sauti ya mtu mmoja. Hapa wasimulizi ni washiriki, nao wasimulia kwa kumbukumbu, kwa mshangao na pengine kwa majonzi. Ni filamu iliyo karibu zaidi na ushairi kuliko tarehe.

Magnificent Desolation ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mark Cowen kwa ajili ya skrini kubwa za IMAX na kusimuliwa na mwigizaji Tom Hanks, ilitumia maigizo na picha zilizotengenezwa upya ili kumpa mtazamaji hisia ya kusimama mwezini. Ukubwa wa skrini ulitumiwa kujaza pengo ambalo kamera za wakati ule ziliacha.

Kwa hiyo kabla ya Miller palikuwa na msimulizi mjuzi wa yote, palikuwa na wasimulizi wenye kukumbuka, na palikuwa na msimulizi kiongozi anayemshika mtazamaji mkono. Miller amewakataa wote watatu. Swali la mhakiki ni hili: je, nafasi yao imeachwa wazi, au imechukuliwa na nani?

Wenye Sauti

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anao msingi mzuri wa kulijibu swali hilo. Katika tendi nyingi za kale, mtunzi hujitokeza tangu mwanzo. Huanza kwa kumtaja Mungu, huomba aletewe wino na karatasi, na aghalabu hulitaja jina lake kabla ya kuaga. Msikilizaji wa utendi hana shaka kwamba kuna mtu kati yake na tukio. Vivyo hivyo, fanani wa ngano haanzi hadithi kabla ya kuiita hadhira yake na kuitikiwa. Mwito na mwitiko huo ni mapatano: huyu atasema, wale watasikiliza.

Katika Apollo 11 mapatano hayo yapo, ingawa yamejificha. Sauti ya kwanza yenye kuongoza ni ya Walter Cronkite, mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya CBS, ambaye maneno yake ya wakati ule yanatiwa juu ya picha kana kwamba yalitungwa kwa ajili yake. Baadaye husikika maafisa wa habari wa NASA, miongoni mwao Jack King, aliyeitangaza hesabu ya mwisho kabla ya roketi kurushwa, na wenzake wa Houston ambao kwa zamu waliueleza umma nini kinatendeka. Watu hawa walikuwa wasimulizi kwa kazi yao. Waliajiriwa ili wasimulie. Miller hakumwondoa msimulizi, basi; alimwajiri upya aliyekuwapo tangu zamani.

Tofauti ni kwamba msimulizi huyu hajui mwisho. Msimulizi wa Moonwalk One anasema akiwa amekwisha kujua kwamba wanaanga walirudi salama. King na wenzake hawajui. Wanasimulia katika wakati uliopo, na ndiyo maana taharuki ya filamu hii inamkamata hata mtazamaji aliyesoma habari zake tangu shule ya msingi. Chombo cha kutua kinaposhuka kuelekea mwezini, kompyuta yatoa tahadhari yenye nambari 1202, na vijana wa Houston wana nukta chache tu za kuamua kama safari iendelee au ivunjwe. Mafuta yanapungua. Picha ni moja tu, ile iliyopigwa kutoka dirishani mwa chombo, nayo inaachwa iendelee bila kukatwa huku tarakimu zikibadilika pembeni. Hapa uhariri umefikia upeo wa ufanisi wake kwa kujizuia kuhariri.

Hali kadhalika, mapigo ya moyo ya wanaanga yanatangazwa kwa tarakimu. Wakati wa kurushwa, moyo wa Neil Armstrong ulipiga mara 110 kwa dakika, wa Michael Collins mara 99, na wa Buzz Aldrin mara 88. Wahusika hawa hawasemi kamwe kwamba wana hofu. Kwa hakika, mazungumzo yao ni makavu kiasi cha kuweza kuchosha. Lakini tarakimu hizo zinafanya kazi ambayo katika riwaya ingefanywa na uzungumzinafsi: zinamwingiza mtazamaji ndani ya kifua cha mhusika aliyenyamaza. Muziki wa Matt Morton, uliopigwa kwa ala zilizokuwapo mwaka 1969 tu, unaendeleza kazi hiyo kwa mdundo wake wa chini unaofanana na moyo. Mdundo huo haukusikika Julai 1969. Ni maoni ya msimulizi, yametolewa bila maneno.

Wenye Nyuso

Sasa yafaa kuutazama ukubwa wa picha, ambao ndio uliowavuta watu wengi kwenye kumbi. Eneo la picha moja kwenye ukanda wa milimita 65 ni zaidi ya mara kumi ya eneo la picha ya ukanda wa milimita 16. Maana yake ni kwamba mambo madogo hayapotei. Katika picha za mwanzo, gari kubwa la minyororo linaibeba roketi kuelekea uwanja wa kurushia, likienda polepole kuliko mtu atembeaye, na kando yake wapo wafanyakazi wanaotembea. Roketi yenyewe ina urefu wa mita 110 hivi. Mtazamaji anaona kwa mara moja kofia ya mfanyakazi na mnara wa chuma unaomzidi kimo mara nyingi. Uwiano huo ni tamathali ambayo hakuna sentensi ingeweza kuitamka kwa ufupi zaidi.

Kisha kamera inawageukia watu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikusanyika kwenye fuo, barabara na viwanja vya kuegeshea magari vya Florida kuitazama roketi ikiondoka asubuhi ya tarehe 16 Julai. Ukanda mpana unapita juu yao bila haraka. Kuna waliolala juu ya magari, kuna watoto wenye usingizi, kuna wanawake wenye miwani myeusi ambayo ndani yake anga linaonekana. Katika chumba cha kurushia roketi kuna safu baada ya safu za wanaume wenye mashati meupe na tai, na kati yao mwanamke mmoja, mhandisi JoAnn Morgan, ambaye kamera inampita bila kumtaja. Mtazamaji makini hushtuka, hutaka kurudi nyuma, lakini filamu imekwisha kwenda.

Hapa ndipo kinaya kikuu cha kazi hii kinapojitokeza. Filamu inayovuma kwa ukubwa wa picha zake, na ambayo maudhui yake ni mwezi, haina hata picha moja yenye mwendo ya umbo kubwa iliyopigwa mwezini. Kamera za milimita 65 hazikusafiri. Kule mwezini palikuwa na kamera ndogo ya milimita 16, kamera ya televisheni yenye picha hafifu, na kamera za Hasselblad ambazo zilitumia ukanda mpana lakini kwa picha za mnato. Kwa hiyo muundo wa filamu umekuwa kama ifuatavyo: picha ni kubwa wakati wa kuondoka, zinakuwa ndogo na zenye chembechembe safari inapofikia lengo lake, na zinakuwa kubwa tena mwishoni, chombo kinapoopolewa baharini na wanaanga kupokewa kwenye manowari ya USS Hornet tarehe 24 Julai.

Yamkini mtu angeliona jambo hili kuwa kasoro. Makala hii inaliona kuwa ndilo lililoipa filamu maana. Utukufu wa umbo kubwa umeangukia dunia, wala si mwezi. Umewaangukia waliobaki. Mtazamaji aliyeingia ukumbini ili aone ardhi ngeni hutoka akikumbuka zaidi uso wa mtu asiyemjua, ameinua shingo, akitazama juu. Kutazama kumekuwa ndilo tendo kuu la filamu.

Lakini watu hawa hawasemi. Filamu haimpi hata mmoja wao jina, wala haimpi nafasi ya kueleza anafikiri nini juu ya anachokiona. Wenye haki ya kueleza ni watangazaji na maafisa, ambao nao kwa sehemu kubwa hawaonekani. Raia ni sura, serikali ni sauti. Fanani wa ngano angeshangaa kuona hadhira iliyopambwa namna hii halafu ikanyimwa mwitiko.

Mpiga Picha Asiyeonekana

Mgawanyo huu wa uso na sauti unafikia kilele mwezini kwenyewe. Inafahamika kwamba katika muda wa saa mbili na nusu hivi ambao Armstrong na Aldrin walikuwa nje ya chombo, kamera ya picha za mnato ilikuwa mikononi mwa Armstrong kwa sehemu kubwa ya wakati. Matokeo yake, picha mashuhuri za mtu wa kwanza mwezini si picha za mtu wa kwanza mwezini. Ni picha za Aldrin. Armstrong anaonekana katika picha chache mno za aina hiyo, na ile inayojulikana zaidi inamwonyesha kama kivuli kidogo cheupe ndani ya kioo cha kofia ya mwenziwe.

Collins, aliyebaki peke yake akiuzunguka mwezi, naye alipiga picha ya chombo kikirudi kutoka mwezini huku dunia ikiwa nyuma yake. Imesemwa mara nyingi kwamba katika picha hiyo wamo wanadamu wote waliokuwa hai, isipokuwa mtu mmoja: yule aliyeipiga.

Matukio haya mawili ni funzo bora juu ya nadharia ya usimulizi kuliko vitabu vingi. Kila picha ina mtu aliyesimama nyuma yake, na mtu huyo ndiye asiyeonekana. Anayeshika chombo cha kusimulia hujiondoa katika simulizi, na kujiondoa kwake hutufanya tusahau kuwa alikuwapo. Armstrong hakujificha kwa hila. Kazi tu ndiyo iliyomficha. Hata Miller, yamkini, hakukusudia kumhadaa mtu. Lakini fani haingoji kusudi. Mhakiki anayeambiwa kwamba kazi fulani haina msimulizi hana budi kuuliza kamera ilikuwa mikononi mwa nani.

Wasiokuwamo Pichani

Swali hilo linapoulizwa, jambo jingine zito hujitokeza. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya roketi kurushwa, mchungaji Ralph Abernathy, mrithi wa Martin Luther King katika uongozi wa harakati za haki za raia, alifika karibu na kituo hicho cha Florida akiwa na jamaa maskini, wengi wao Wamarekani weusi, pamoja na nyumbu na mikokoteni. Nyumbu walikuwa ishara iliyochaguliwa kwa uangalifu: mnyama wa mkulima fukara mbele ya mashine iliyogharimu fedha nyingi kupindukia. Abernathy hakuwatukana wanaanga. Alidai kwamba taifa lenye uwezo wa kumfikisha mtu mwezini lina uwezo wa kumlisha mtoto mwenye njaa. Mkuu wa NASA wakati huo, Thomas Paine, alitoka kwenda kumsikiliza, na baadhi ya wafuasi wa Abernathy wakakaribishwa kuitazama roketi ikiondoka.

Tukio hilo lina kila kitu ambacho mtunzi wa tamthilia angekitamani: mgogoro, ishara, ana kwa ana ya wenye mamlaka na wasio nayo, na mwisho usio rahisi. Apollo 11 hailigusi. Vita vya Vietnam, vilivyokuwa vikiendelea, navyo vinabaki pembezoni. Katika fuo zile zilizosawiriwa kwa ukarimu wa milimita 65, nyuso zinazoonekana ni za Wazungu kwa sehemu kubwa sana. Ikiwa umati wa ufukweni una nyuso bila sauti, na maafisa wana sauti bila nyuso, basi watu wa Abernathy hawana uso wala sauti.

Inaweza kutolewa hoja ya kumtetea Miller, nayo ni ya haki: mhariri hawezi kuonyesha kisichokuwamo kwenye kanda alizopewa, na filamu inayohusu siku tisa na watu watatu haina deni la kueleza hali nzima ya taifa. Hoja hii inaelekea kusahau mambo mawili. Kwanza, maandamano ya Abernathy yalishuhudiwa na waandishi wa habari, na filamu hii haikujifunga kwa kanda pana peke yake. Ilichota kutoka vyanzo vingi, televisheni ikiwa mojawapo. Pili, na hili ndilo muhimu, hazina ya kumbukumbu nayo ni mtunzi. Kanda za milimita 65 zilipigwa kwa ajili ya shirika lililokuwa na habari yake ya kutoa. Wapiga picha walielekeza kamera walikoelekezwa. Anayeipokea hazina hiyo na kuipanga upya bila kuiuliza lolote huurithi mtazamo wake, hata kama hakuongeza neno moja la kwake. Uaminifu kwa kumbukumbu si kitu kimoja na uaminifu kwa tukio.

Suala hili halihusu Marekani pekee. Kwenye mguu wa chombo kilichobaki mwezini kuna bamba linalotangaza kwamba waliofika pale walikuja kwa amani kwa ajili ya wanadamu wote. Dai hilo ni kubwa, na filamu yenye kutazamwa na wanadamu wengi inalibeba bila kulipima. Anayelitazama kutoka mbali ana haki ya kuuliza: katika hao wote, nani amehesabiwa?

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulikabili swali kama hilo kwa njia yake. Katika riwaya ya Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha angani mhusika wake Dzombo, si kwa heshima bali kwa hukumu, ndani ya chombo kilichokusudiwa kummaliza. Dzombo anaokoka na kufikia jamii ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasomeka kuwa ni wale ni sisi. Mkangi hakuhitaji roketi ya kweli. Alihitaji umbali, ili kutoka kule mbali jamii ijitazame na kuitambua sura yake. Ukiwekwa kando ya riwaya hiyo, umati wa Florida unaelekea kutamka maneno hayo hayo bila kufungua kinywa: hawa wanaotazama ni nyinyi mnaotazama. Tofauti ni kwamba Mkangi anamwuliza msomaji wake aliyeachwa nje ni nani, na Miller hamwulizi mtazamaji wake.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba sifa kuu inayopewa Apollo 11, yaani kuiacha historia ijisemee, haiwezi kuthibitika. Filamu hii inasimulia kwa sauti za watangazaji wa zamani, kwa mdundo wa muziki, kwa tarakimu za moyo na mafuta, kwa urefu wa picha isiyokatwa, na kwa uteuzi wa nani aonekane na nani asikike. Yote hayo ni usimulizi, tena wa kiwango cha juu. Kulisema hilo si kuishusha filamu. Ni kuikubali katika jamaa ya kazi za sanaa, na kuidai yale yanayodaiwa kazi za sanaa.

Ikidaiwa hivyo, inafaulu pakubwa. Hakuna kazi nyingine juu ya mwezi iliyomrudishia mtazamaji wasiwasi wa wakati ule kwa uthabiti namna hii, wala iliyouinua umati usio na majina hadi ukawa karibu mhusika mkuu. Udhaifu wake ni kwamba uliishia njiani: uliwapa watu sura, ukawanyima kauli, na wengine ukawanyima vyote viwili. Ukanda mpana una nafasi ya kutosha kwa watu wengi. Nani wa kuingizwa ndani yake ni jambo lisiloamuliwa na upana wa ukanda.

Kwa hiyo wanafunzi wanaoanza kuzihakiki filamu za hali halisi wanashauriwa waanze pale ambapo msimulizi anadaiwa kuwa hayupo. Waitazame ile picha ya Aldrin akiwa amesimama mwezini, kisha wasogee karibu na kioo cha kofia yake. Ndani yake, mdogo kama punje, yumo aliyeshika kamera.